Kumwahi Mtoto Anayebaki Nyuma

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, karani wa masjala, katika mkutano wa kawaida wa Chama. Inapigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Bwana Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, ila akaongeza kwa mkono wake, chini ya sahihi, kwamba nisiseme juu ya mishahara, kwa kuwa hayo yamo katika ajenda namba 6. Basi nimechagua jambo lisilokuwamo katika ajenda yoyote. Nataka kusema habari za mtoto aliyeingia darasa la kwanza pamoja na wenzake, akaachwa nyuma katika kusoma, na habari za mwalimu anayemwona akiachwa, lakini hakufundishwa namna ya kumrudisha.

Mimi si mwalimu, wala sitaki mtu aseme kesho kwamba nalijifanya mwalimu. Kazi yangu ni masjala. Napokea barua, nazipa namba, naziweka katika majalada yake. Walakini masjala nayo ina elimu yake. Barua ikiingizwa leo asubuhi katika jalada lisilo lake, leo jioni naipata kwa dakika 5, maana bado nakumbuka niliishika saa ngapi na nani alikuwa amesimama mezani. Ikikaa juma, nitaitafuta siku nzima. Ikikaa miaka 3, jalada lile limekwisha fungwa, la pili na la tatu yamefunguliwa juu yake, na majibu mengi yamekwisha andikwa na watu ambao hawakuiona barua ile. Hapo hata nikiipata, haitengenezi tena yaliyoharibika.

Mtoto wa darasa la kwanza ambaye herufi 6 au 7 zimempita ni kazi ya majuma machache. Mtoto yule yule akifika darasa la nne bila kusoma, amekwisha kosa sayansi, amekosa maarifa ya jamii, amekosa hata hesabu, kwa kuwa hesabu nazo huandikwa kwa maneno. Tena amekwisha jifunza jambo moja vizuri sana, yaani kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Methali ya ufa na ukuta tumeisikia mara nyingi hata haituchomi tena. Kwa hiyo nimeona heri niwaletee barua iliyopotea.

Yanipasa nianze na aibu yangu mwenyewe. Binti yangu wa pili, alipokuwa darasa la pili, alikuwa akinisomea kila jioni kitabu chake cha shule. Mimi nalikuwa nikila, au nikisikiliza taarifa ya habari, na sauti yake ilinipendeza, kwa maana alisoma bila kusitasita. Jioni moja akanisomea hadithi ya wanyama na kisima toka mwanzo hata mwisho. Nikageuza uso nitazame picha, nikaona kidole chake kinafuata mistari ya hadithi nyingine kabisa. Nikampa mfuko wa sukari anisomee maneno yaliyoandikwa juu yake, akanyamaza. Nikampa kalenda ya Chama iliyokuwa ukutani. Akanyamaza, kisha akalia. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikia wenzake wakisoma kwa pamoja darasani.

Nalikwenda kuitafuta ripoti yake ya muhula. Ilisema nafasi ya 71 katika watoto 104, na mahali pa maoni ya mwalimu paliandikwa: Aongeze bidii. Ndugu zangu, mtoto aliyekariri kitabu kizima bila kujua kusoma neno moja ndani yake, bidii ipi tena tunayomtaka aiongeze? Na mimi, ninayekula mshahara kwa sababu ya kusoma, nalikuwa nimeitia sahihi ripoti ile bila kuuliza.

Siku ya pili nikaenda shuleni. Mwalimu wake ni mama mtu mzima, sasa amestaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akasema, "Marahaba mwanangu, karibu, najua lililokuleta." Nalikuwa nimejiandaa kulalamika, lakini neno hilo lilinivunja nguvu. Akaniambia hivi: "Nalijua tangu mwezi wa Machi, alipokuwa darasa la kwanza. Kama yeye walikuwa zaidi ya 20, na hata sasa naweza kukutajia majina yao mmoja mmoja. Lakini chuoni nalifundishwa kufundisha darasa. Sikufundishwa kumfundisha mtoto ambaye darasa limempita."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nisome habari hizi, nami nitawaeleza niliyoyapata.

Kwanza, binti yangu hakuwa peke yake, wala shule yake haikuwa mbaya kuliko nyingine. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi za Tanzania, wakiwapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika watoto 10 wa darasa la tatu, waliyoweza kuisoma walikuwa kama 3 tu. Nawaomba mwangalie kwamba walikwenda nyumbani, si shuleni, na kwamba kipimo kilikuwa cha darasa la chini. Hesabu ile iliwashtua watu wengi, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa, ili nguvu iwekwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Kazi hiyo ilikuwa njema, nami siidharau. Lakini mtaala ni karatasi, na anayemwona mtoto ni mwalimu.

Katika kusoma kwangu nalikutana na habari za mama mmoja wa New Zealand, jina lake Marie Clay, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2007. Alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Auckland. Katika miaka ya 1960 aliwafuata watoto 100 waliokuwa wakianza shule, juma kwa juma kwa mwaka mzima, akiketi kando yao na kuandika kila walichofanya walipojaribu kusoma. Wengine walikuwa wakihesabu majibu sahihi mwisho wa mwaka; yeye aliandika makosa yalivyokuja, neno kwa neno. Akaona kwamba wanaobaki nyuma hujulikana mapema, ndani ya mwaka wa kwanza, na kwamba hawabaki nyuma wote kwa njia moja.

Hilo la mwisho ndilo lililonigusa, nami nitalieleza kwa mfano wa kwetu. Kitabuni kuna picha ya mama na sufuria jikoni, na chini yake imeandikwa: Mama anapika ugali. Mtoto mmoja anasoma, "Mama anapika wali." Wa pili anasoma, "Mama anapiga ugali." Wa tatu anasoma polepole, "Ma-ma a-na-pi-ka u-ga-li," hakosi silabi hata moja; ukimwuliza mama anafanya nini, anakutazama tu. Katika daftari la alama, wa kwanza na wa pili wamekosa moja moja na wa tatu amepata yote. Basi tazameni: wa kwanza ametazama picha, akaacha herufi. Wa pili ametazama herufi nusu, akaacha maana, maana ugali haupigwi. Wa tatu ana herufi zote lakini hajui kwamba kusoma ni kuambiwa jambo. Au pengine ametoka nyumba inayosema Kisukuma au Kigogo, na Kiswahili chenyewe bado ni kigeni masikioni mwake, naye anahesabiwa mjinga kwa lugha aliyoanza kuisikia mwaka huu. Magonjwa ni matatu, na dawa ni tatu. Mwalimu anayewaambia wote watatu waongeze bidii hajawatibu.

Tena kabla ya hayo yote kuna la nne, jepesi nalo husahauliwa: je, mtoto anaona ubao? Je, anasikia? Mwalimu aliyezoezwa huanza hapo, maana hakuna ufundi wa kusomesha utakaoshinda sikio lililoziba.

Sasa mafunzo yenyewe. Mwaka 1976 Bibi Clay alianza kufanya kazi na walimu huko Auckland kutafuta njia ya kuwasaidia watoto hawa. Mtoto aliyekwisha kaa shuleni mwaka mmoja na kuonekana yu nyuma ya wote alipewa mwalimu peke yake kwa dakika 30 kila siku, kwa majuma 12 hata 20, kisha akarudishwa katika kazi ya darasa lake. Lakini mimi sikuvutwa sana na dakika 30. Nalivutwa na namna mwalimu alivyofundishwa. Hakupelekwa mahali kusikiliza hotuba akarudi na cheti. Alifundishwa kwa mwaka mzima, naye wakati huo huo akiendelea kufundisha watoto kila siku shuleni kwake. Kila baada ya majuma mawili hivi walimu walikutana, na mmoja wao alikuja na mtoto wake, akamfundisha katika chumba chenye kioo cha namna ya pekee. Aliye ndani huona kioo tu, na walio nje huona yote yanayotendeka ndani. Wenzake walisimama nje wakitazama na kusemezana: Mbona amemwambia neno lile upesi, hakumpa nafasi ajisahihishe? Mtoto amekwama wapi? Wewe ungefanya nini? Somo likiisha, aliyefundisha alitoka, wakajadiliana naye.

Walizoezwa pia kuandika. Mtoto akisoma, mwalimu hutia alama ya vema kwa kila neno lililo sawa. Akikosea, huandika neno alilosema juu ya neno lililokuwa kitabuni. Akijisahihisha mwenyewe, hilo nalo huandikwa kwa alama yake. Kitabu ambacho mtoto anakosa zaidi ya maneno 10 katika 100 huhesabiwa kuwa kizito mno kwake kwa sasa, naye hupewa chepesi. Kwa kalamu na karatasi tu, mwalimu ana jalada la mtoto, na kila folio ina tarehe yake. Mnaweza kufahamu kwa nini karani alipendezwa.

Mwalimu akiisha kumaliza mwaka ule, hakuachwa. Aliitwa tena mara kadhaa kila mwaka kufundisha mbele ya wenzake, na waliokuwa wakiwafundisha walimu walikuwa nao wamezoezwa mwaka mzima. Kazi hiyo ikaenea New Zealand yote, ikaenda Australia, ikafika Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani mwaka 1984, na Uingereza baadaye.

Bwana Mwenyekiti, kama ningekoma hapa mngenipigia makofi, lakini ningekuwa nimewaficha nusu ya jalada. Wapo wataalamu waliompinga Bibi Clay kwa miaka mingi, hata huko kwao. Walisema njia yake ilimwachia mtoto kukisia mno kwa picha na kwa maana, na haikufundisha sauti za herufi kwa utaratibu wa kutosha. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha watoto waliosaidiwa wakipanda sana mwaka ule ule wa msaada. Lakini Aprili 2022 wachunguzi walioongozwa na Henry May wa Chuo Kikuu cha Delaware walieleza kwamba watoto wa namna hiyo, walipofika darasa la tatu na la nne, walikuwa chini ya wenzao waliolingana nao mwanzoni ambao hawakupewa msaada ule. Waliotetea walisema kwamba watoto wengi hawakupatikana tena kupimwa, na hilo ni kweli. Hata hivyo, mwaka 2024 Serikali ya New Zealand ilitangaza kwamba itaacha kuigharimia njia hiyo katika nchi ilikozaliwa, ili fedha ziende katika kufundisha kusoma kwa utaratibu wa sauti na herufi.

Tuseme nini basi? Wapo watakaosema, tupa yote. Mimi nasema hapana. Yule mtoto aliyesoma "wali" mahali pa "ugali" asisifiwe kwa kukisia vizuri. Afunikiwe picha, aonyeshwe u, aonyeshwe ga, aonyeshwe li. Nadhani wapinzani wa Bibi Clay wana haki katika hilo, na sisi tunayo sababu zaidi ya kuwasikiliza kuliko Waingereza, kwa kuwa herufi zetu karibu zote hushika sauti moja popote ziendapo, nazo zao huhamahama kama watu wasio na kwao. Mtoto wa Kiswahili aliyefundishwa silabi sawasawa ana ufunguo wa kila mlango. Lakini mwalimu anayeketi kando ya mtoto mmoja na kuandika makosa yake, mwalimu anayekubali kutazamwa na wenzake akifundisha, mafunzo yanayokwenda mwaka mzima pamoja na kazi yenyewe: mambo hayo mimi sijaona mtu aliyeyathibitisha kuwa mabaya. Na funzo la mwaka 2022 kwangu ni kwamba usifunge jalada la mtoto siku anapoanza kusoma. Lifungue tena baada ya miaka miwili uone.

Najua mnavyowaza. Darasa lina watoto 104. Nani atampa mmoja wao dakika 30 peke yake? Hapo nawapeleka India. Katika miaka ya 2001 hadi 2003, katika miji ya Mumbai na Vadodara, chama kiitwacho Pratham kiliwaweka wanawake vijana wa mitaa ile ile, waliosoma mpaka sekondari, wakaitwa balsakhi, maana yake rafiki wa mtoto. Walifundishwa kwa majuma mawili tu, kisha kila mmoja akawachukua watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma, akakaa nao saa 2 kila siku ya shule akiwafundisha yale waliyoyakosa chini. Watoto walipimwa pamoja na wa shule ambazo hazikupata msaidizi, na walioanza chini kabisa ndio walioinuka zaidi. Wawili katika waliofanya uchunguzi ule, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, aliyefanya kazi zake nyingi katika shule za Kenya.

Basi majuma mawili yalitosha huko? Yalitosha kwa kuwa kazi ilikuwa moja tu, nayo iliwekewa mipaka: watoto hawa, mambo haya ya msingi, kila siku. Mwalimu wa darasa hana mipaka hiyo. Ana wanaojua na wasiojua ndani ya chumba kimoja, naye yampasa kwanza atambue nani ni nani. Utambuzi huo, kwa maoni yangu, haupatikani kwa majuma mawili.

Wala haupatikani kwa siku tatu. Hapa nitasema kwa uangalifu, maana naipenda kazi yangu. Majalada ya semina hupita mezani kwangu. Ndani yake mna barua ya mwaliko, ratiba, orodha ya mahudhurio yenye sahihi za asubuhi na jioni, hati za posho na nauli, stakabadhi za chakula, na hotuba ya kufungua na ya kufunga. Yamepangwa vizuri, mkaguzi wa hesabu hakosi karatasi. Katika miaka yangu yote ya masjala sijawahi kuona katika jalada la semina folio moja inayotaja mtoto mmoja, kwamba kabla ya semina alikuwa hivi, na baada ya semina mwalimu wake alimfanyia hivi, akawa hivi. Siwalaumu wanaozitengeneza. Karatasi zinazotakiwa na mkaguzi ndizo zinazopatikana. Ya mtoto haijatakiwa na mtu.

Kenya walifanya jambo jingine katika kazi yao ya Tusome iliyoanza mwaka 2015 katika shule za serikali. Pamoja na vitabu na mafunzo, maofisa wa elimu waliokuwa karibu na shule walitakiwa kuingia darasani, kutazama somo, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kukaa na mwalimu na kumwambia walichokiona. Bila shaka ofisa mmoja na shule nyingi ni mzigo. Lakini ofisa yule alimsikia mtoto kwa masikio yake kabla ya kuandika taarifa.

Narudi nyumbani kwangu. Mwalimu yule hakungoja semina. Aliwakusanya watoto 6, binti yangu akiwamo, baada ya masomo, chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi ya shule, mkekani. Alikata maboksi ya sabuni yakawa vipande, kila kipande silabi moja. Nami nalipewa kazi ya kuyaandika kwa kalamu nene, kwa kuwa mwandiko wa karani ndio pekee uliopatikana bure. Walianza na silabi zilizomo katika majina yao. Mwalimu alikiri kwangu kwamba siku nyingi alikuwa akijaribu tu, hajui kama afanyalo ni sawa, wala hana mwenzake wa kumwuliza. Mmoja katika wale 6 aligundulika haoni vizuri. Akapelekwa hospitali ya wilaya, akapata miwani. Wanne, binti yangu mmoja wao, walikuwa wanasoma sentensi fupi kabla ya muhula kwisha. Wa sita aliacha kuja, na familia yake ikahama, wala sijui habari zake. Mwalimu bado humtaja kila tunapokutana.

Binti yangu sasa yuko darasa la tano. Husoma polepole, nafasi yake si ya mbele, naye huchukia kusoma kwa sauti. Lakini juzi alinikuta nikihariri gazeti hili, akanionyesha neno lililorudiwa mara mbili.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloomba. Kila mwaka Chama chetu hutenga fedha kwa ajili ya zawadi za watoto wa wanachama waliofaulu vizuri wanapomaliza shule ya msingi. Tunawapa mabegi, kamusi na madaftari, tunapiga nao picha. Mimi nimekuwa katika kamati ya zawadi mara mbili, na nimefurahi kama kila mtu. Walakini nawauliza: watoto wale wangekosa nini wasipopata begi letu? Wamekwisha fika. Naomba nusu ya fedha zile, nusu tu, igeuzwe.

Kazi yake iwe hii. Ukumbi huu hukaa mtupu Jumamosi asubuhi. Walimu wa darasa la kwanza na la pili wa shule 4 zilizo karibu nasi waalikwe kukutana hapa kila baada ya majuma mawili, kwa mwaka mmoja wa shule, kwa hiari yao na kwa ruhusa ya wakuu wao. Tutoe nauli, chai, karatasi na vitabu vyepesi vya kusomea. Posho hapana, nami nimekwisha waambia walio tayari, wasije wakasema nimewadanganya. Kila mara mmoja wao aje na mtoto mmoja, mzazi akiwa amekubali na akitaka awepo, amfundishe robo saa mbele ya wenzake. Kioo cha Auckland hatuna. Walimu wataketi nyuma kimya, na mtoto akionyesha kuogopa, aachwe aende kucheza. Mwalimu yule aliyestaafu amekubali kuongoza, kwa sharti kwamba tutamtafutia mkufunzi wa chuo cha ualimu aje japo mara moja kwa mwezi kumsahihisha yeye. Sharti hilo lilinifanya nimheshimu zaidi.

Nimesikia tangu jana maneno mawili ya kupinga. La kwanza, kwamba hii ni kazi ya Serikali. Ndiyo, ni kazi yake, na sisi tulio humu ukumbini wengi wetu ndio makarani wake. Twajua barua ya kuomba fungu jipya husafiri kwa muda gani, na mtoto wa darasa la kwanza ana miezi 10 tu kabla hajaitwa wa darasa la pili. La pili ni zito zaidi, nami sitalikwepa: kwamba fedha za wanachama zitawafaa watoto wasio wa wanachama. Hilo ni kweli kabisa. Mwalimu akijua kumtambua mtoto anayebaki nyuma, hatauliza kwanza kama baba yake ana kadi ya Chama. Katika watoto 104 labda wetu ni 9. Sijapata njia ya kumfundisha mwalimu awaone 9 peke yao, na kwa kweli sikuitafuta. Anayeona kwamba hilo ni kosa, na apige kura ya kupinga, nasi tutabaki ndugu.

Majalada ya watoto hao nitayafungua mimi mwenyewe, bila malipo, kwa namba na si kwa majina, ili asiwepo mtoto wa kuaibishwa. Folio ya kwanza itaonyesha siku ya kuanza: herufi anazozijua, silabi, maneno. Nyingine itaandikwa mwisho wa mwaka. Ya tatu itaandikwa baada ya miaka miwili, hata kama kamati itakuwa ya watu wengine na mimi nimehamishwa. Chama kikiona kwa folio ya tatu kwamba fedha zimepotea, kizirudishe katika mabegi.

Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.